UZI MAALUMU: Josie and the Pussycats (1970), katuni ambayo sauti ya mwimbaji ilibadilisha picha

#1 Msikilizaji Makini

Wakuu, salaam.

Katika majukwaa ya burudani, mtu akitaja katuni za zamani za Marekani zenye vijana wapelelezi, mazungumzo yote huishia kwa Scooby-Doo. Sina ugomvi na mbwa huyo, na wengi wetu tumekua naye kupitia ving'amuzi. Ila ipo katuni nyingine iliyotoka studio hiyohiyo ya Hanna-Barbera, ikarushwa na kituo hichohicho cha CBS mwaka mmoja tu baadaye, ambayo kila ikitajwa huitwa nakala ya Scooby-Doo iliyovalishwa masikio ya paka. Jambo kubwa lililotokea kabla haijaanza kurushwa halisemwi, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Kwa wasioifahamu: Josie and the Pussycats ilianza kuonyeshwa Jumamosi asubuhi, tarehe 12 Septemba 1970. Sehemu zilizotengenezwa zilikuwa 16, nazo ziliendelea kurudiwa hadi 1972. Wahusika wakuu ni wasichana watatu wenye bendi. Josie, mwenye nywele nyekundu, anapiga gitaa na ndiye kiongozi. Melody, mwenye nywele za dhahabu, yuko kwenye ngoma. Valerie, msichana mweusi mwenye akili nyingi, anapiga tari. Meneja wao ni Alexander Cabot III, kijana tajiri na mwoga kupindukia, aliyepewa sauti na Casey Kasem, yuleyule aliyekuwa sauti ya Shaggy wa Scooby-Doo. Dada yake, Alexandra, mwenye utepe wa nywele nyeupe katikati ya nywele nyeusi, anaamini kwamba bendi ilipaswa kuwa yake, na kwamba Alan, kijana anayebeba vyombo vya bendi, alipaswa kuwa wake pia. Yupo na paka, Sebastian, anayefungua kufuli kwa kucha. Bendi husafiri kwenda kutumbuiza, hujikuta imeingia katika njama za jasusi au mwanasayansi mwovu anayetaka kuitawala dunia, hukimbizwa huku na huko wimbo ukipigwa, na mwovu hukamatwa.

Kwa nini bendi? Jibu liko kwenye mauzo ya santuri. Mwaka 1968 CBS ilianza kurusha katuni ya Archie, iliyotengenezwa na studio ya Filmation kutokana na vitabu vya vibonzo vya kampuni ya Archie Comics. Vijana wa katuni hiyo walipewa bendi ya kubuni, The Archies, na nyimbo zake zikaimbwa na waimbaji wa studio ambao sura zao hazikuonyeshwa. Mwaka 1969 wimbo wao "Sugar, Sugar" ulikaa namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki nne, na mwisho wa mwaka ukatajwa kuwa wimbo wa kwanza wa mwaka mzima. Bendi isiyokuwepo duniani ilikuwa imewashinda watu wenye miili na majina, na kila studio iliyokuwa ikitengeneza vipindi vya watoto iliona fedha zilizokuwa humo.

Hanna-Barbera nao wakaenda kwa Archie Comics, wakachukua kitabu kingine: Josie. Kilikuwa kimechorwa na Dan DeCarlo tangu 1963, kikihusu wasichana wa shule na vituko vyao, bila bendi yoyote. Kufikia toleo la Desemba 1969 kitabu kilibadilishwa jina kikawa Josie and the Pussycats, wasichana wakavalishwa mavazi ya madoa ya chui yenye mikia na masikio, na Valerie akaingizwa akiwa msichana mweusi.

Sasa tufike kwenye kiini. Kazi ya kutafuta waimbaji halisi wa bendi hiyo alipewa Danny Janssen, mtunzi wa "Little Woman" uliomwinua Bobby Sherman mwaka 1969, akishirikiana na Bobby Young kupitia kampuni yao ya La La Productions. Baada ya usaili wa wasichana wengi walichagua watatu: Cathy Dougher awe sauti ya Josie katika kuimba, Cherie Moor awe Melody, na Patrice Holloway awe Valerie. Patrice alikuwa msichana mweusi wa Los Angeles, mwenye umri wa miaka 19. Janssen alipowapeleka mbele ya wakubwa wa studio, aliambiwa kwamba Patrice aondolewe na atafutwe mwingine, kwa sababu Hanna-Barbera walikuwa wameamua kwamba bendi ya kwenye katuni itakuwa ya wasichana weupe watupu. Valerie wa kitabuni alikuwa mweusi. Valerie wa televisheni alikuwa ameshageuzwa kuwa mweupe.

Janssen alikataa. Alikwisha kusikia sauti aliyoitaka, na alisema kwamba Patrice akiondoka naye anaondoka. Mvutano uliendelea kwa wiki tatu, na mwisho studio ikalegeza msimamo: Patrice akabaki, na Valerie akachorwa mweusi kama alivyokuwa kitabuni. Kwa njia hiyo akawa mhusika wa kwanza wa kike mweusi kuwa na nafasi ya kudumu katika katuni za Jumamosi asubuhi nchini Marekani.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, maana mpangilio wake ni wa nadra. Katika katuni, kwa kawaida mhusika huchorwa kwanza, kisha hutafutwa mtu wa kumpa sauti. Hapa sauti ilitangulia, na picha ikalazimika kuifuata. Hakuna kamati ya haki iliyokaa kulijadili. Alikuwepo mtayarishaji mmoja aliyejua tofauti kati ya mwimbaji mzuri na mwimbaji anayefaa, na msichana mmoja ambaye sauti yake haikuwa na mbadala pale mjini. Ndiyo maana siku zote nasema katuni hii isikilizwe kabla ya kutazamwa. Sikilizeni wimbo wa ufunguzi. Anayeimba ni Patrice, na anaimba kwa nguvu zote za kifua, kwa mtindo wa soul, bila kulainisha sauti kwa kuwa wasikilizaji ni watoto wenye bakuli la nafaka mezani. Bendi nyuma yake inakimbia, yeye anakimbia mbele yake.

Karibuni tujadili.

#2 Bint Pwani

Shukrani sana, Msikilizaji Makini, kwa uzi uliotulia. Nilikuwa najua filamu ya Josie and the Pussycats ya mwaka 2001 tu, na sikuwa na habari kwamba kulikuwa na vita ya namna hii kuhusu rangi ya mhusika. Naomba utueleze zaidi kuhusu Patrice Holloway. Je, alikuwa mwimbaji anayejulikana kabla ya hapo, au aliokotwa tu katika usaili?

#3 Msikilizaji Makini

Dada Bint Pwani, hakuwa mtu wa kuokotwa hata kidogo, na hilo ndilo linaloufanya uamuzi wa awali wa studio uwe wa aibu zaidi.

Patrice alizaliwa mwaka 1951. Alikuwa mdogo wake Brenda Holloway, mwimbaji wa kampuni ya santuri ya Motown, na alianza kurekodi akiwa bado mtoto. Katikati ya miaka ya 1960 alitoa nyimbo kadhaa chini ya kampuni ya santuri ya Capitol, ukiwemo "Love and Desire", ambao baadaye ulipendwa mno na wacheza muziki wa soul wa kaskazini mwa Uingereza, watu wanaothamini santuri za Marekani ambazo Wamarekani wenyewe hawakuzinunua. Mwaka 1967 yeye na dada yake, pamoja na Frank Wilson na Berry Gordy, waliandika "You've Made Me So Very Happy". Brenda ndiye aliyeutoa kwanza. Mwaka 1969 bendi ya Blood, Sweat & Tears iliuimba upya, ukafika namba mbili katika Billboard. Na ukimsikiliza Joe Cocker akiimba "Feelin' Alright" mwaka huohuo, waitikiaji wale wanaompandisha ni Merry Clayton, Brenda Holloway na Patrice Holloway.

Kwa hiyo studio ilikuwa inakaribia kumkataa mtu aliyekwisha kushiriki kuandika wimbo mkubwa kuliko wowote ambao katuni yao ingeweza kuuota. Alifariki mwaka 2006.

#4 Kaka wa Mlimani

Mkuu, habari ya Patrice nimeipokea kwa mikono miwili, lakini naomba nitofautiane nawe kuhusu katuni yenyewe. Umeiita katuni ya upelelezi, nami sioni upelelezi. Katika Scooby-Doo mtazamaji hupewa fumbo: lipo zimwi, wapo watu wawili watatu wanaotiliwa shaka, zipo nyayo na vidokezo, na mwishoni kinyago kinavuliwa na maelezo yanatolewa. Mtoto mwenye akili anaweza kumkisia mhalifu kabla ya Velma, msichana mwerevu wa kundi lao. Katika Josie, mwovu hujitokeza mapema, hujitambulisha kwa jina lake, hueleza mpango wake wa kuitawala dunia, na kilichobaki ni kufukuzana. Fumbo liko wapi? Mimi naona ni Scooby-Doo iliyotolewa mfupa ikabaki nyama.

#5 Msikilizaji Makini

Mkuu Kaka wa Mlimani, hoja yako ni nzito na sehemu yake kubwa naikubali. Mafumbo ya Josie ni mepesi. Lakini nadhani unaipima kwa kipimo cha mzimu, wakati yenyewe ilifuata mkondo wa kijasusi. Tazama majina ya baadhi ya sehemu: "The Nemo's a No No Affair", "The Jumpin' Jupiter Affair". Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa likifunga majina ya sehemu za The Man from U.N.C.L.E., tamthilia ya majasusi iliyorushwa Marekani kuanzia 1964 hadi 1968. Katika hadithi za namna hiyo hakuna anayeuliza nani mhalifu; linaloulizwa ni watu wa kawaida watatokaje mikononi mwake.

Kuhusu nani alimwiga nani, historia inapinda kidogo. Scooby-Doo ilipokuwa ikibuniwa, Fred Silverman, msimamizi wa vipindi vya mchana wa CBS, alitaka kitu kinachofanana na The Archies, na mpango wa awali ulikuwa wa vijana watano wenye bendi wanaotatua mafumbo kati ya tamasha moja na jingine. Bendi iliondolewa wakati wa kuandika, mbwa akapandishwa cheo, na katuni ikaanza tarehe 13 Septemba 1969. Josie basi ni wazo la mwanzo la Scooby-Doo likirudi kwa mlango mwingine mwaka uliofuata. Na kilichonifurahisha nilipozipanga tarehe ni hiki: msimu wa pili wa Scooby-Doo ulianza siku ileile Josie alipoanza, na safari hiyo Scooby-Doo nayo ikawekewa nyimbo kwenye mbio zake, zikiimbwa na Austin Roberts. Mkopeshaji na mkopaji walikuwa wakibadilishana nafasi ndani ya jengo moja.

Kuna na jambo la wakati. Mwaka 1968 Martin Luther King na Robert Kennedy waliuawa kwa kupishana miezi miwili, na wazazi wa Marekani wakageukia televisheni na kuuliza watoto wanafundishwa nini Jumamosi asubuhi, kwa maana wakati huo ratiba ilijaa mashujaa wanaopigana ngumi. Mwaka huohuo wazazi wa jimbo la Massachusetts waliunda kikundi cha Action for Children's Television. Vituo vikaanza kuondoa mapigano. Ukiondoa ngumi unahitaji kitu kingine cha kuujaza mwisho wa kipindi, na mbio zenye wimbo zilikuwa suluhisho maridadi: mwovu bado anatisha, lakini tangu ngoma inapoanza mtoto anajua kwamba hakuna atakayeumia.

#6 Mchora Mwendo

Wakuu, mimi kazi yangu ni uchoraji wa katuni, basi naomba niongeze upande wa mezani.

William Hanna na Joseph Barbera ndio waliotengeneza Tom and Jerry wakiwa studio ya sinema ya MGM. Kitengo chao kilipofungwa mwaka 1957 walianzisha studio yao, na bajeti ya televisheni ilikuwa haifanani hata kidogo na ya sinema. Wakabuni namna ya kuchora kidogo. Mhusika akizungumza, kiwiliwili kinabaki palepale na mdomo tu ndio unaobadilishwa. Akikimbia, michoro michache ya miguu inazungushwa tena na tena, na mandhari nyuma yake ndiyo inayosogezwa. Ukiwa na jicho la kazi utaona nguzo ileile au mlango uleule ukipita mara ya tatu na ya nne.

Chukueni mbio yoyote katika Josie, mzime sauti, kisha mtazame. Mtaona umasikini wa michoro ulivyo wazi: miguu ileile, ukuta uleule, watu wanaingia mlango huu na kutokea ule. Kisha rudisheni sauti. Picha zilezile zinapata uhai, kwa sababu sikio linafuata wimbo, na wimbo wenyewe umejengwa kwa kurudiarudia, kwa hiyo marudio ya picha yanageuka kuwa mapigo. Mwalimu wangu wa uchoraji alipenda kusema kwamba mchuzi mzuri huusitiri ugali wa jana. Hata picha za bendi jukwaani zilitumika tena katika sehemu tofauti. Mpiga ngoma akishachorwa mara moja akitikisa kichwa, mchoro huo unalipa mshahara wake kwa msimu mzima.

Ndiyo maana namuunga mkono mwenye uzi. Muziki haukuwa pambo katika katuni hii; ulikuwa unaibeba kazi ambayo michoro haikuwa na fedha za kuifanya.

#7 Mpekuzi wa Zamani

Naomba kuweka tahadhari kuhusu habari ya "wa kwanza", kwa sababu mitandaoni imekuwa ikinukuliwa ovyo. Valerie hakuwa mhusika wa kwanza mweusi katika katuni za Jumamosi. Mwaka 1969 Filmation ilitoa The Hardy Boys kwenye kituo cha ABC, nayo ilihusu vijana wapelelezi wenye bendi, na mpiga ngoma wao, Pete Jones, alikuwa kijana mweusi. Pia tarehe ileile ya 12 Septemba 1970, CBS hiyohiyo ilianza kurusha katuni ya Harlem Globetrotters, wachezaji wa mpira wa kikapu, ambapo karibu wahusika wote wakuu walikuwa weusi.

#8 Msikilizaji Makini

Mpekuzi, nyongeza yako ni muhimu na ndiyo sababu niliandika "mhusika wa kwanza wa kike". Tena ukiziweka habari hizi pamoja picha inakuwa kali zaidi. Mtoto mweusi wa Marekani aliyewasha televisheni Jumamosi ile ya Septemba 1970 aliona, kwenye kituo kimoja na asubuhi moja, timu nzima ya watu wa rangi yake na msichana mmoja mwenye akili kuliko wenzake wote. Mwaka mmoja baadaye ikaja katuni ya Jackson 5 kwenye ABC, na mwaka 1972 Fat Albert. Mlango ulikuwa unafunguka haraka, na kwa hesabu yangu wakubwa wa studio waliotaka Valerie awe mweupe walikuwa wanafikiri kwa woga wa muongo uliopita.

#9 Bint Pwani

Baada ya maelezo haya nilitafuta sehemu kadhaa nikazitazama, na ninayo ya kusema kama mwanamke.

Valerie ananifurahisha. Mtambo ukiharibika ni yeye anayeutengeneza, mlango wa siri ukihitaji kueleweka ni yeye anayeuelewa, na hakuna hata mara moja anapochekeshwa kwa ajili ya rangi yake, jambo ambalo kwa mwaka 1970 si dogo. Melody, kwa upande mwingine, amefanywa kuwa msichana mzuri asiyeelewa chochote, na masikio yake hutikisika hatari ikikaribia kana kwamba mwili wake umepewa akili ambayo kichwa chake kimenyimwa. Alexandra naye ni wivu tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila hila yake humrudia. Katika vitabu vya vibonzo Alexandra alikuwa na uchawi aliokuwa akiupata kupitia paka wake. Kwenye televisheni uchawi umeondolewa na kinachobaki ni kisirani. Ningependa kumwona akiwa na nguvu zake.

Ila kilichonigusa zaidi ni mahali anaposimama Valerie jukwaani. Josie ndiye anayewekwa mbele na gitaa lake, kamera inamrudia yeye, mdomo wake unafunguka. Valerie yuko pembeni na tari. Na sauti inayotoka, kama ulivyotueleza, ni ya Patrice. Kwa hiyo walikubali awepo, lakini katika nyimbo ambazo Patrice ndiye anayeongoza, michoro ilimpa mwingine kipaza sauti.

#10 Msikilizaji Makini

Dada, umeliona jambo ambalo wapenzi wengi wa katuni hii hawajalitamka. Nami nitaongeza kwamba hata katika mazungumzo Patrice hakusikika: Valerie anayezungumza ni Barbara Pariot, Josie anayezungumza ni Janet Waldo, na Melody ni Jackie Joseph. Waimbaji waliingia pale tu muziki ulipoanza.

Ushindi wa Janssen kwa hiyo ulikuwa nusu. Lakini nusu hiyo ilikuwa na uzito, maana santuri zilizotoka chini ya Capitol mwaka huohuo zilibeba sauti na picha ya wasichana watatu halisi. Albamu haikuingia kwenye chati. Nyimbo nyingine ziligawiwa kwa njia ya posta kwa watoto waliokata vipande vya maboksi ya nafaka za Kellogg's na kuvituma, njia ambayo iliwafikia wanunuzi wadogo lakini haikuhesabiwa na watu wa chati. Katika watatu wale, aliyepata umaarufu mkubwa ni Cherie Moor, ambaye baadaye alijiita Cheryl Ladd na mwaka 1977 akaingia katika tamthilia ya Charlie's Angels. Patrice alirudi kuwa mwitikiaji wa studio.

#11 Wakili wa Bara

Wakuu, kwa kuwa mmetaja waliofanya kazi na wasipate sifa, naomba nimkumbuke mchoraji.

Dan DeCarlo alimbuni Josie kwa kumwiga mke wake, aliyeitwa Josie, mwanamke aliyekutana naye Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hata vazi la paka lilitokana na vazi ambalo mke wake alilivaa wakiwa safarini kwenye meli. Jina la mke, mtindo wa nywele za mke, vazi la mke. Lakini filamu ilipokuwa ikiandaliwa, na DeCarlo akafungua shauri mahakamani akidai kwamba mhusika ni wake, Archie Comics, aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miongo minne, ilimwachisha kazi. Mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwa upande wa kampuni. Filamu ilitoka Aprili 2001, na DeCarlo alifariki Desemba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 82.

Kisheria naelewa uamuzi huo: mtu akikaa miongo mingi akilipwa kwa kila ukurasa na kuiacha kampuni itumie jina na sura kana kwamba ni mali yake, mahakama haiwezi kumrudishia alichokiacha kwa muda wote huo. Kiutu bado linauma. Wachoraji wetu wanaofanya kazi na vyumba vya magazeti na mashirika wajiandikie masharti ya umiliki siku ya kwanza, kabla ya kuchora mstari mmoja.

#12 Kaka wa Mlimani

Nashukuru kwa majibu. Nimelegea kidogo, ingawa bado nashikilia kwamba kama hadithi, Scooby-Doo imejengwa vizuri zaidi. Naomba kuuliza mawili. Kwanza, ni kweli kwamba msimu uliofuata walipelekwa anga za juu? Pili, filamu ya 2001 mnaionaje?

#13 Msikilizaji Makini

Ni kweli, mkuu. Septemba 1972 CBS ilianza kurusha Josie and the Pussycats in Outer Space, sehemu nyingine 16. Bendi inapiga picha za matangazo ndani ya roketi, Alexandra anasukumana ili asimame mbele, anaugonga mtambo wa kuirushia, na wote wanaondoka duniani. Aliongezwa mnyama mdogo wa sayari nyingine aitwaye Bleep. Sina mengi ya kuisifia. Kila mahali ni sayari, na safari za mijini zilizokuwa na ladha zimekwisha. Mwaka 1973 walirudi duniani kwa sehemu moja walipokutana na Scooby-Doo katika "The Haunted Showboat". Baada ya hapo fomula yenyewe ilichakaa: mwaka huohuo ilikuja Butch Cassidy ya NBC, bendi ya vijana majasusi, na mwaka 1976 Jabberjaw, ambapo bendi iko chini ya bahari na mpiga ngoma ni papa. Kila iliyokuja ilikuwa na vioja zaidi na muziki dhaifu zaidi.

Filamu haikurudisha gharama zake ilipotoka, lakini mimi naiheshimu, kwa sababu watayarishaji walielewa kwamba muziki ndio mhimili. Rosario Dawson alikuwa Valerie na Rachael Leigh Cook alikuwa Josie, ila anayeimba kwa niaba ya Josie ni Kay Hanley wa bendi ya Letters to Cleo, na albamu ya filamu hiyo iliuzwa vizuri kuliko tiketi. Mwaka 2017 tamthilia ya Riverdale iliwafanya wasichana wote watatu kuwa weusi, huku Josie akiigizwa na Ashleigh Murray, ambaye anaimba kwa sauti yake mwenyewe, na hapo kile Bint Pwani alichokiona kuhusu kipaza sauti kilipata jibu lake baada ya miaka 47.

#14 Mchora Mwendo

Mkuu, kwa anayetaka kuanza kusikiliza, aanze na wimbo gani?

#15 Msikilizaji Makini

Aanze na wimbo wa ufunguzi, kisha "You've Come a Long Way, Baby", ambao Patrice anauongoza. Akitoka hapo aende kwenye "Inside, Outside, Upside-Down" asikie tofauti, kwa kuwa huo unaongozwa na Cherie Moor na sauti yake ni nyepesi, ya kupendeza, yenye tabasamu. Nyimbo za Capitol zilikusanywa upya kwenye sidii mwaka 2001 kwa jina Stop, Look and Listen, na katuni yenyewe ilitolewa yote kwenye dividii mwaka 2007. Mwisho kabisa atafute "Love and Desire" ya Patrice peke yake, iliyorekodiwa kabla katuni haijafikiriwa, ndipo atakapoelewa Janssen alikuwa anatetea nini katika zile wiki tatu.

Nikipata nafasi nitafungua uzi mwingine kuhusu Brenda Holloway na miaka yake Motown. Wenye santuri au kumbukumbu za wimbo ule wa 1967 waanze kuziandaa.